Magonjwa Yasiyo na Haraka

Newala iliingia katika vitabu vya tiba vya dunia kwa ugonjwa wa haraka. Mwaka 1952 na 1953, nikiwa mtoto wa kuchunga mbuzi wa babu, watu wa uwanda wa juu wa Makonde walishikwa na homa iliyomwangusha mtu mzima kati ya asubuhi na jioni. Viungo viliuma hata waliokuwa na nguvu wakatembea wamejikunja. Mama alitambaa kwenda jikoni, na wiki chache baadaye akarudi shambani. Dakta Marion Robinson aliandika dalili za homa ile, W. H. R. Lumsden akaandika jinsi ilivyoenea vijijini, na taarifa zao zilipochapishwa mwaka 1955 dunia ikaanza kuifahamu chikungunya.

Mimi nataka kuyakumbuka magonjwa ya aina nyingine, yale yaliyokuja bila kishindo. Yaliingia mwilini mtu akiwa kijana, yakakaa naye akilima, akioa na kuwatunza wazazi wake, kisha yakajitokeza wakati ameshasahau yalianzia wapi. Nimeyafunga bendeji kwa zaidi ya miaka 30.

Nilianza udresa mwaka 1964 katika hospitali ya misheni iliyokuwa chini ya mlima, upande wa Masasi. Huko Kusini tiba ilikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa misheni. Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa wameingia Masasi tangu 1876, na Wabenediktini walikuwa Ndanda tangu 1906. Wakubwa zetu kazini walimfahamu Dakta Leader Stirling, aliyefika mwaka 1935 na kufanya upasuaji Lulindi miaka mingi. Baadaye tukamsikia redioni, yeye huyo huyo, akiwa Waziri wa Afya. Dresa hakuwa mtu mkubwa. Kazi yangu ilikuwa kuwasha jiko la Primus alfajiri, kuchemsha makoleo na makasi, kuandaa dawa za vidonda, Eusol na GV, na jioni kukunja bendeji zilizofuliwa na kuanikwa, maana bendeji mpya hazikuwa za kuchezea.

Foleni ya chumba cha vidonda ilikuwa na sura zake. Wa panga na jembe walikuja wakapona wakaondoka. Watoto walioungua kwa kuangukia jikoni walikaa muda mrefu zaidi. Wenye ukoma walikuja na vidonda vya nyayo wasivyovisikia. Halafu walikuwapo wenye vidonda ndugu vya muundi, kundi lisiloisha. Mtu alichomwa na kisiki au mwiba wakati wa masika, hana viatu, chakula cha nyumbani kimepungua, vijidudu vikaingia na ndani ya siku chache vikala nyama. Vingine vilifunga, lakini vikaacha kovu jembamba linalong'aa, lisilo na uimara wa ngozi ya kawaida. Likigongwa kidogo tu hufumuka. Wapo niliowafunga kidonda kile kile msimu baada ya msimu, mpaka tukawa tunajuliana hali za nyumbani.

Mmoja wao alikuwa mzee wa upande wa Chiwata. Siku moja mwishoni mwa miaka ya 1960 nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akanyoosha mguu juu ya kigoda bila kuambiwa.

"Mzee, kidonda kinaendeleaje?"

"Hiki ni mwenzangu. Nimekipata miaka ile ya mradi wa karanga wa Nachingwea, nilijikata mwenyewe kwa shoka langu. Kikifunga kinafumuka, kikifunga kinafumuka. Lakini safari hii hakiniumi, ila kinatoa damu ovyo."

Nilipofungua bendeji niliona kilichobadilika. Kidonda ndugu cha kawaida kingo zake huteremka kuelekea katikati, na ukikisafisha unaona nyama nyekundu ikijitahidi kupanda. Cha mzee kilikuwa kimeinuka upande mmoja. Ukingo ulikuwa umekunjukia nje, mgumu chini ya koleo, na juu yake kumeota vinundu vinundu vilivyochuruzika damu nilipovigusa kwa pamba tu. Harufu nayo ilikuwa tofauti na ya usaha tuliouzoea. Nikampapasa kinenani kutafuta mitoki, nikaenda kumwita daktari.

Daktari alikata kipande kidogo cha nyama pale ukingoni, kwa sababu katikati ya kidonda cha namna ile mara nyingi utapata nyama mfu isiyosema kitu. Tukakitia kwenye chupa ya fomalini, nikaandika jina na kijiji kwa kalamu ya risasi, chupa ikasafiri hadi Dar es Salaam. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa: saratani ya seli bapa za ngozi. Mguu ukakatwa. Mzee aliishi, nilimkuta sokoni na magongo yake, akibishana bei ya korosho. Ila kabla ya kuruhusiwa kwenda kwao aliniuliza swali ambalo nililibeba miaka mingi: "Nimekaa nacho miaka yote hii tukiwa pamoja. Kwa nini kimenigeuka sasa?"

Kijijini kwake majibu hayakukosekana. Alitajwa jirani mwenye husuda, likatajwa shamba la urithi lililoleta ugomvi. Hospitalini tulijua kwamba makovu na vidonda vya muda mrefu huweza kuzaa saratani. Elimu hiyo ilikuwa ya kale, na vidonda vya aina hiyo hutajwa hadi leo kwa jina la Jean-Nicolas Marjolin, mpasuaji wa Ufaransa aliyeviandika mwaka 1828. Lakini kujua kwamba jambo hutokea si sawa na kujua linavyotokea.

Jibu nilianza kulipata miaka ya 1980, katika semina ya watumishi wa afya. Mtaalamu wa patholojia alituchorea ngozi ubaoni kwa chaki. Juu kabisa, alisema, ni seli zilizokufa, ndizo zinazobanduka unapojisugua kwa dodoki. Chini, kwenye tabaka linalopakana na nyama, ziko seli shina. Kazi yao ni kujigawa: moja hubaki chini kuendeleza ukoo, nyingine hupanda juu, ikakomaa, ikafa, ikabanduka, na safari hiyo huchukua karibu mwezi. Utumbo nao una seli shina zake zilizojificha kwenye vishimo vidogo vidogo, damu ina zake ndani ya uboho. Seli nyingi tunazoziona zikifanya kazi ni za kupita. Seli shina ndizo zinazokaa na mtu tangu utotoni hadi uzeeni, kwa hiyo lolote linaloandikwa ndani yao haliondoki.

Na kila mgawanyo ni kazi ya kunakili. Vinasaba vya binadamu vina herufi zipatazo bilioni 3, na seli ina seti mbili, moja ya mama na moja ya baba. Zote zinakiliwa kabla seli haijagawanyika. Pale kwetu daftari la wagonjwa lilipochakaa, karani alinakili majina yote kwenye jipya. Lilipochakaa hilo, alinakili kutoka kwenye nakala, si kutoka la kwanza. Jina likishakosewa mara moja, kosa hilo lilirithiwa na kila daftari lililofuata. Mwili una wahakiki wake, protini zinazopitia herufi zilizonakiliwa na kusahihisha karibu zote. Karibu zote, si zote. Herufi nyingine huharibika hata kabla ya kunakiliwa, kwa kemikali za mwili wenyewe, kwa moshi, kwa jua.

Leo wataalamu wanaweza kuyahesabu makosa hayo. Seli shina ya utumbo mpana wa binadamu hukusanya mabadiliko yapatayo 40 kwa mwaka. Ya damu hukusanya kati ya 15 na 20. Maana yake mtu wa miaka 60 aliye mzima kabisa ana seli za utumbo zenye mabadiliko zaidi ya 2,000 kila moja. Mwaka 2022 Alex Cagan na wenzake wa taasisi ya Sanger, Uingereza, walilinganisha aina 16 za wanyama wanyonyeshao, twiga wetu akiwamo. Waliona kwamba wanyama wenye maisha mafupi hukusanya makosa upesi, na wenye maisha marefu polepole, hata kila mmoja anapofika mwisho wa umri wake mzigo unakaribiana. Panya huufikia kwa miaka michache. Sisi huutembeza kwa miaka 80.

Sehemu kubwa ya makosa hayo huangukia mahali pasipo na madhara. Hatari huja yanapogusa zile jeni chache zinazoiambia seli lini igawanyike, lini isimame na lini ife. Iliyo maarufu kati yake ni TP53. Hata hapo kosa moja kwa kawaida halitoshi. Mwaka 1954 Peter Armitage na Richard Doll, wakitazama jinsi vifo vya saratani vinavyopanda kwa umri, walikadiria kwamba saratani nyingi huhitaji hatua kama 6 au 7, moja juu ya nyingine, ndani ya ukoo mmoja wa seli. Ndiyo maana ni ugonjwa wa kungoja.

Hapo ndipo nilipomwelewa mzee wa Chiwata. Kidonda chake hakikugeuka siku moja. Kwa karibu miaka 20, seli shina za ukingo ule ziliitwa kazini kila siku kuziba pengo lisilozibika. Ngozi ya mkono wake ilijigawa kwa mwendo wa kawaida. Ya ukingo wa kidonda ilijigawa kwa dharura isiyoisha, ndani ya usaha na uvimbe ambao nao hutoa kemikali zinazochuna vinasaba. Kila lilipofumuka kovu, kazi ilianza upya. Waliokosea kunakili walikuwa wajenzi wale wale waliokuwa wakimponya.

Jua nalo nililiona likifanya kazi yake kwa watu wenye ualbino. Walikuwapo Newala na Masasi, kama walivyo Tanzania nzima, ambako inakadiriwa mtu mmoja kati ya 1,400 hivi huzaliwa na hali hiyo. Kuna mama mmoja wa Kitangari aliyewaleta binti zake wawili kwetu kwa miaka mingi. Mkubwa alilima: kupalilia mikorosho, kuvuna mihogo, kushuka mteremko kufuata maji, maana juu kule maji yalikuwa taabu. Mdogo macho yake yalikuwa dhaifu zaidi, shamba likamshinda, akafundishwa cherehani na kukaa barazani akishona. Ngozi walizaliwa nayo moja. Mkubwa, kabla hajafika miaka 30, alikuwa na magamba yasiyotoka kwenye paji la uso, kisha kidonda nyuma ya sikio kilichokuwa na ukingo ule ule nilioujua. Tulimwandikia rufaa ya Dar es Salaam. Masika yalikuwa yamekata barabara na Rufiji ilikuwa ya kuvuka kwa kivuko, basi akangoja. Alipofika huko, ugonjwa ulikuwa umeshaingia ndani. Mdogo alizeeka barazani pake. Wajukuu wa jirani ndio waliomtungia uzi sindanoni.

Nilipokuja kusoma habari za vinasaba, hadithi ya dada hawa ilinisimamisha. Ualbino wao ulitoka kwa wazazi. Kwa Watanzania wengi wenye hali hiyo kosa ni moja: kipande cha herufi kama 2,700 kilichokosekana kwenye jeni iitwayo OCA2, jambo lililobainishwa miaka ya 1990. Kosa hilo moja la kurithi haliui mtu. Linachoondoa ni kinga. Kwenye ngozi nyeusi, melanini hujipanga juu ya kiini cha seli na kukifunika. Isipokuwapo, mionzi ya urujuanimno hupenya hadi kwenye seli shina na kuzigandisha pamoja herufi mbili zinazopakana. Seli ikijigawa kabla ya kurekebisha, mahali palipokuwa na herufi C panaandikwa T. Alama hiyo ya jua inajulikana wazi, mtaalamu akiisoma kwenye uvimbe anajua nani aliandika. Dada mkubwa aliandikwa tangu siku aliyobebwa mgongoni kwenda shambani. Waliowachunguza watu 350 wenye ualbino Dar es Salaam na kuchapisha matokeo mwaka 1985 walikuta kwamba kufikia umri wa miaka 20 hapakuwa na ngozi iliyosalimika, ikiwa si saratani basi dalili zinazoitangulia.

Ugonjwa wa tatu ni kichocho. Mabondeni, kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga kuelekea Ruvuma, mvulana kukojoa damu lilikuwa jambo la kuchekeana. Wengine walidhani ni dalili ya kubalehe. Mayai ya mnyoo unaoleta kichocho hukwama kwenye ukuta wa kibofu, mwili ukapambana nayo, utando ukajeruhiwa na kujitengeneza, mwaka hadi mwaka. Walioletwa kwetu na saratani ya kibofu wakiwa na umri wa miaka 40 au 50, wamekonda, mkojo ukitoka na mabonge ya damu, wengi walikumbuka damu ya utotoni tulipowauliza. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, liliuweka mnyoo huo rasmi katika orodha ya vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sisi wa chumba cha vidonda hatukushangaa. Kilikuwa kidonda ndugu kingine, ila cha ndani.

Nisije nikaeleweka kwamba kila saratani ina mwandishi anayejulikana. Mwaka 2015 Cristian Tomasetti na Bert Vogelstein wa Marekani walionyesha kwamba viungo ambavyo seli shina zake hujigawa mara nyingi zaidi ndivyo vyenye saratani nyingi zaidi, na kwamba unakili wenyewe, bila jua wala mnyoo, unachangia sana. Walibishiwa, na mabishano yana haki yake. Mwaka huo huo Inigo Martincorena na wenzake walipima vipande vya ngozi ya kope kutoka kwa watu wanne wasio na saratani hapo. Walikuta kiasi cha robo ya seli zimeshabeba mabadiliko ya aina inayosukuma saratani, na bado ngozi ilikuwa inafanya kazi yake. Kumbe tunatembea nayo.

Utafiti wa mwaka 2021 ulitugusa zaidi. Ulisoma vinasaba vya saratani za umio 552 kutoka nchi nane, Tanzania, Kenya na Malawi zikiwamo, kwa sababu ugonjwa huo umejazana ukanda wetu wa Afrika Mashariki. Watafiti walitarajia kuona alama ya kitu fulani kinachoandika makosa huku kwetu na si kwingine. Hawakuiona, makosa yalifanana nchi zote. Inawezekana basi kwamba kinachotutofautisha hakiandiki kosa lolote. Labda hujeruhi tu, na katika kujitengeneza, seli iliyokwisha kukosea hupata nafasi ya kujaza shamba. Kwa mtu aliyeona ukingo wa kidonda ukipanda, wazo hilo si geni.

Mengi yamebadilika tangu nilipoacha kazi. Vidonda ndugu vimepungua, watoto wanavaa viatu na dawa zinafika mapema. Dawa ya kichocho hugawiwa shuleni. Ukoma una dawa mseto tangu miaka ya 1980. Huko katika hospitali ya KCMC, Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilifunguliwa mwaka 1992, na mafuta ya kukinga jua kwa wenye ualbino yanatengenezwa huko huko. Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ikawa taasisi kamili ya saratani mwaka 1996, na tangu 2003 mgonjwa wa Masasi anavuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, masika au kiangazi. Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Bar'wani, mwenye ualbino, awe mbunge wao.

Vijana wa zahanati hunijia wakati mwingine, nami nawaambia yale yale. Kidonda kilichokaa miezi mitatu bila kusogea kikatwe kipande kidogo cha nyama cha kupimwa, ukingoni, hata kama hakiumi. Hasa kama hakiumi. Mtoto mwenye ualbino avalishwe kofia pana na mikono mirefu tangu anapobebwa mgongoni, wala asingojewe afike umri wa shule, kwa sababu hesabu ya jua inaanza siku ile ile. Mvulana anayekojoa damu asichekwe, apelekwe. Mwenye kovu kubwa la moto alitazame kila mwezi, maisha yake yote.

Homa ya mwaka 1952 ilimpa mama yangu saa chache kabla ya kumwangusha, na katika saa chache hakuna wa kufanya lolote. Saratani ya mzee wa Chiwata ilitupa karibu miaka 20, ya yule dada si pungufu sana. Ugonjwa unaohitaji makosa sita au saba na miaka mingi ili uje, unaweza kukatizwa njiani mara sita au saba. Miaka hiyo ndiyo dawa kubwa kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, na bado nawaona wagonjwa wakifika hospitali wakiwa wameshaimaliza.